Mteja asifike mahali pa kukutafuta

Tangu 2025 ianze napigiwa simu na watu ambao kitambo mimi ndio nilikuwa nawapigia. Hadithi mnaijua. Januari 20 Marekani ikasimamisha misaada ya nje, ikasemwa ni siku 90 tu, kufika Julai mosi USAID yenyewe, lile shirika lao la misaada, ikawa imefunga shughuli, na huku Kisumu ambako ukitembea Milimani ungedhani kila geti lina bango la mradi, watu wa M&E (ufuatiliaji na tathmini), wahasibu wa miradi, wasimamizi wa data, wote wakajikuta sebuleni na lapto na sivii ndefu. Sasa kila mtu ni konsaltanti. Na swali wananiuliza ni lile lile: ndugu, hawa wateja wa mbali wewe unawapata aje?

Kupata si shida sana, mimi huwaambia. Matangazo ya TOR, yale maelezo ya kazi inayotafutiwa konsaltanti, yako kila mahali, ukituma proposo za kutosha kuna moja itashika. Shida ni huyo mtu wa Boston, au wa Geneva, au hata wa hapa tu Kakamega, arudi kwako mara ya pili bila kutangaza kazi tena. Mimi siku hizi kazi nyingi ni za kurudi, na wengi wa hao wateja sijawahi kuwasalimia kwa mkono. Kwa hivyo wacha niandike venye mimi hufanya, mwenye anataka achukue, mwenye hataki aache.

Kwanza tukumbuke vile mambo yalikuwa. Huku kwetu ukitaka kufanya kazi na mtu unaenda uonekane. Unafika ofisini mapema, unakaa kwa ile benchi ya nje, sekretari anakuletea chai hata hujaitisha, boss anapita anakuona, anapita tena bado uko. Ukiingia mnaanza na nyumbani ni wapi, ulisomea wapi, kumbe mjomba wako walikuwa darasa moja na yeye pale Maseno, na mpaka ufungue begi utoe karatasi tayari ameshajua kama atakupa kazi ama hatakupa. Halafu Machi 2020 korona ikaingia, Aprili Nairobi ikafungwa hakuna kutoka hakuna kuingia, na sisi sote tukajifunza Zoom kwa nguvu. Korona ikapungua, Zoom ikabaki. Nani tena atalipia mtu ndege na hoteli kwa mitingi ya saa moja?

Wengi wanafikiri kitu tulipoteza hapo ni mazungumzo. Mimi naona tulipoteza ile benchi. Mteja akikuona umekaa hapo nje roho yake inatulia, hata kama bado hujafanya lolote. Wa mbali haoni benchi, haoni gari yako ikitoka kwenda fildi, hakuoni ukitoka Homa Bay na matope kwa viatu. Anaona kimya tu. Na kimya chako atakitafsiri mwenyewe, na sijawahi ona mtu akitafsiri kimya cha konsaltanti kwa uzuri. Siku ya tatu anajiuliza, ya tano anamuuliza mwenzake, ya saba anakuandikia ile imeili ya "naulizia tu tumefika wapi". Ukiona hiyo imeili ujue umechelewa, hata kama kazi yenyewe iko sawa kabisa. Wengi wanafanya kazi nzuri na bado hawaitwi tena, na ukifuatilia unakuta hakuna mtu alilalamikia ripoti, ni vile tu mteja alichoka kukutafuta.

Basi mimi kila Ijumaa kabla ya saa tisa mchana naandika. Saa tisa yetu wa Geneva ametoka lunchi na wa Boston ndio anafungua macho, kwa hivyo wote wanaipata siku ya kazi, haiwangojei mpaka Jumatatu chini ya imeili zingine. Si ripoti, haina jedwali, haina hata kichwa. Moja nimeitoa kwa simu hapa nikabadilisha majina ya mahali:

"Habari za wiki. Vijiji vya Nyakach vimeisha, data iko kwa dashibodi unaweza kuangalia. Muhoroni bado, chifu alikuwa na baraza tukaona tusiwasumbue watu, tunarudi Jumanne. Kutoka kwako nahitaji kitu kimoja, ile orodha mpya ya vituo vya afya, nikiipata kabla ya Jumatano hatutachelewa. Wiki ijayo naanza kusafisha data. Wikendi njema."

Ni hiyo tu. Kimeisha nini, kimekwama nini, nataka nini kwako, kinafuata nini. Kile kitu cha kuitisha nakiweka kimoja, kwa sababu ukimwandikia mtu vitu vinne atakujibu kile rahisi na vile vitatu vitalala. Na hata wiki ambayo hakuna kimesonga naandika kwamba wiki hii hakijasonga kitu, sababu ni hii. Hapo ndio watu huogopa, wanaona heri wangoje wawe na kitu cha kuonyesha. Mimi naona kinyume, ile wiki haina kitu ndio mteja anahitaji kukusikia zaidi.

Habari mbaya nazo hazingoji Ijumaa. Mei 2024 mnakumbuka mafuriko, nchi nzima ilikuwa na maji, na Nyando, huku huku Kisumu, ndio usiseme. Nilikuwa na kazi ya kuhoji familia huko Kano, mteja yuko Uingereza, mama mmoja mpole lakini mkali kwa tarehe. Vijana wa data wakafika mahali barabara imeisha, mbele ni maji tu. Mmoja akapiga picha ya mwenzake amesimama maji magotini, viatu mkononi, tableti ziko kwa beseni juu ya kichwa. Nikamuuliza huyo wa kwa picha kama ni sawa nikiituma, kwa sababu tuna sheria ya data tangu 2019 na pia kwa sababu ni adabu tu, akacheka akasema tuma. Jioni hiyo hiyo nikaandika. Sikuanza na historia ya mto Nyando. Niliweka picha, nikasema vijiji hivi havifikiki, makadirio yangu si chini ya wiki mbili, na tuna njia tatu: tungoje na ripoti isukumwe mbele, tubadilishe na vijiji vya juu huko ambavyo havijafurika lakini tuseme wazi kwa ripoti kwamba walioathirika zaidi wamekosekana, ama tuwapigie simu wale ambao nambari zao tunazo. Nikasema mimi ningechukua ya tatu na nikasema ubaya wake, kwamba mwenye simu yake imezama na nyumba hatapatikana. Asubuhi nikapata jibu la mistari miwili, amechagua ya tatu na anataka kipengele cha huo ubaya kiandikwe vizuri.

Huo mwezi haukuwa umemaliza na sisi. Tarehe 12, Jumapili, nyaya za baharini EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Jumatatu tulikuwa na mitingi. Video haiwezi, hata kufungua imeili ilikuwa ni kungoja. Nikamwandikia mapema kwa WhatsApp, maandishi yalikuwa bado yanapita, kwamba leo nyaya zimekatika chini ya bahari, tufanye kwa simu ya kawaida ama nikutumie sauti na wewe unijibu kwa sauti. Tukafanya hivyo nusu siku, mimi natuma voisnoti, yeye anatuma, nikiwa kwa shughuli zangu. Akaniambia baadaye ilikuwa mitingi nzuri kuliko zile za Zoom kwa sababu kila mtu alikuwa na muda wa kufikiria. Sijui kama alikuwa ananibembeleza lakini mpaka leo huyo mama huwa tunatumiana sauti.

Sasa mambo ya saa. Yetu haisongi mwaka mzima, yao inasonga, na wote hawasongi siku moja. Marekani wanabadilisha Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya wanangoja mpaka Jumapili ya mwisho, kwa hivyo kuna wiki mbili tatu hapo katikati ambapo ukiwa na mitingi ya Kisumu, London na Boston, kila mtu anaingia kwa wakati wake. Oktoba na Novemba inarudi tena. Mimi mwaliko naandika saa yake na saa yangu, zote mbili, na Machi nakumbusha siku moja kabla. Ni kitu kidogo lakini mtu akikaa peke yake kwa Zoom dakika ishirini anakungoja, hiyo picha haimtoki.

Na kuna hii ambayo watu wa Nairobi hawaijui. Saa tatu asubuhi ya Boston kwetu ni saa kumi jioni, ama saa kumi na moja wakiwa kwa baridi. Mwenye ameishi Kisumu anajua saa kumi na saa kumi na moja ni saa za nini. Wingu linainuka, upepo unageuka, mabati yanaanza kupiga kelele, radi, na stima inaenda. Yaani Mmarekani anaamka na sisi tunazima. Kwa hivyo nina inverta ndogo ya rauta na lapto, na bando za mitandao miwili tofauti kwa simu mbili, hiyo mimi nahesabu kama nauli. Lakini hata hiyo si kitu kikubwa. Kitu kikubwa ni kumwambia mtu mwanzo kabisa wa mradi, siku ya kwanza, wakati hakuna chochote kimeharibika: hapa jioni kuna mvua, nikipotea nitarudi kwa simu ndani ya dakika tano, nisiporudi endeleeni, nitasoma noti na nitajibu kabla hamjalala. Ukishasema hivyo, siku stima inapotea hiyo si ajali tena, ni kitu mlikubaliana. Na ukirudi, endelea na kazi. Usianze kumweleza mtu habari ya transfoma na fundi hajafika, yeye hana la kukusaidia na unamlia dakika zake.

Tukiwa hapo kwa Zoom, ingia mapema. Zile dakika kabla wengine hawajafika ndio benchi yetu ya siku hizi. Hapo ndio nimejua nani ana mtoto anaanza shule, nani boss wake anamsumbua kuhusu bajeti, nani hapendi hii kazi hata kidogo alipewa tu. Jirani yangu ana jogoo ambaye hana adabu ya saa, anawika mchana wa saa nane, na kuna mteja mmoja sasa akiingia kabla ya kitu chochote anauliza jogoo yuko? Mwanzo nilikuwa nazima maiki kwa aibu. Siku hizi naiacha.

Lakini msilazimishe. Kuna watu, na si wazungu peke yao, salamu kwao ni neno moja, ukimuuliza habari ya nyumbani anaona unapoteza wakati. Msikilize mtu vile anaanza imeili zake, ufuate. Akianza na jina lako na koma, basi na wewe jina na koma.

Wateja wa huku karibu ni somo lingine kabisa na ndio mimi nawapenda zaidi, hata kama hawalipi kwa dola. Nina chama kimoja cha ushirika Vihiga na sakosi moja upande wa Kakamega. Kakamega ni kama kilomita hamsini kutoka hapa, unapanda matatu unapita Kiboswa, Mbale, Chavakali unafika, kwa hivyo mtu atashangaa mimi kuiita kazi ya mbali. Ni ya mbali. Hawana pesa ya kunilipia kuja kila wiki na mimi sina siku za kukaa barabarani, kwa hivyo tunafanya kwa simu. Na hapo sahau Zoom, sahau pia waraka uliopangwa vizuri. Mweka hazina ni mama ana duka, anafunga saa mbili usiku, anapika, saa tatu ndio anakupigia. Hapo hasomi kurasa kumi. Mimi humtumia kwanza voisnoti ya dakika mbili kwa Kiswahili, mama shikamoo, hesabu za mwezi zinasema hivi, kuna mahali pamoja mikopo ya dharura haijarudi, tuangalie pamoja, halafu ndio natuma waraka. Anasikiza akiosha vyombo. Mwenyekiti ni mzee, yeye hataki WhatsApp, anataka sauti ya mtu hai, na ukimpigia unauliza kwanza ng'ombe. Kweli, unauliza ng'ombe. Usipouliza ataona una haraka, na mtu mwenye haraka na pesa za wanachama hawezi kuaminika, ndio vile anafikiria na mimi siwezi kumlaumu.

Na kuna matanga. Hii hakuna kozi ya konsaltansi itakufundisha. Mwenyekiti akafiwa na mama yake katikati ya kazi yangu. Grupu ya WhatsApp ikafunguliwa usiku huo, mhazini wa mazishi akateuliwa, michango ikaanza kusomwa moja moja. Mteja wa mbali anafanya nini hapo? Nilipiga simu asubuhi, fupi, pole mzee, hakuna neno la kazi. Nikatuma mchango kwa M-Pesa, kiasi ambacho ningempa jirani, si zaidi. Halafu nikamwandikia katibu, si yeye, nikasema ile mitingi ya Alhamisi nimeiondoa, tutaongea baada ya mazishi wakiwa tayari. Nimeiondoa mimi mwenyewe, sikungoja mtu aniombe muda, kwa sababu mtu akiwa na maiti nyumbani hafai kuanza kuomba muda. Jumamosi nikaenda, nikakaa hema ya nyuma, nikala, nikarudi.

Najua kuna watakaosema huko ni kuchanganya kazi na mambo ya nyumbani. Huku hayo mambo hayajawahi kuwa mawili. Lakini mpaka wangu ninao: kama kuna zabuni iko wazi na mimi nimeomba, pesa haitoki mfukoni mwangu hata shilingi, ni simu ya pole tu basi. Mchango wakati wa zabuni una jina lingine na sote tunalijua. Na kwa yule wa Geneva, akifiwa simtumii mchango, atashangaa, ila kuondoa mitingi kabla hajaomba kunafanya kazi sawa sawa huko kama Vihiga.

Niseme pia mteja ni mtu, si shirika. Mwaka wa 2025 ulitufundisha vibaya. Kuna watu niliofanya kazi nao miaka, upande ule mwingine wa Atlantiki, wakapotezewa kazi kwa wiki moja, imeili yako inarudi inasema hakuna mtu wa jina hilo. Mikataba ikasimama, na sisi wa huku tulilia kivyetu. Lakini nikakaa nikafikiria, huyu mtu alikuwa ananijibu usiku wa manane, leo hana hata ofisi. Nikawatafuta mmoja mmoja, nikawaandikia bila kuomba kazi, nikauliza wako aje, nikasema nikihitajika kama mtu wa kuulizwa habari zao kwa kazi mpya nambari yangu ni hii hii. Wengine hawakujibu na sikuchukulia vibaya. Mmoja akaingia shirika lingine dogo, na kazi ya kwanza alipohitaji mtu wa Kenya hakutangaza. Singesema niliandika nikingoja hiyo, lakini pia sitajifanya kwamba sikufurahi.

Haya, pesa. Uhusiano mwingi hufia hapa. Mimi huandika kwa mkataba malipo kwa vipande, mara nyingi asilimia 30 ripoti ya kwanza ikikubaliwa, 40 rasimu, 30 ya mwisho, ili hakuna upande unabeba mzigo wote. Na nimejifunza kwamba mteja wa pili ni mhasibu. Huyu mtu hakuna anayemsalimia, kila mtu anamwandikia wakati ana hasira. Mimi namjua jina kabla invoisi ya kwanza haijaenda, namuuliza kwao wanataka nini, halafu natuma kamili: nambari ya mkataba, PIN ya KRA (mamlaka ya mapato), jina la akaunti herufi kwa herufi vile liko benki, na kwa wa nje nambari ya SWIFT ya benki. Invoisi ikikosa kitu kimoja inarudishwa chini ya foleni na hakuna atakwambia. Wa hapa nyumbani, wanakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, kwa ada ya ushauri, na tangu Januari 2024 lazima invoisi itoke kwa eTIMS, ule mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, la sivyo wao hawawezi kuihesabu kama gharama. Konsaltanti akinung'unika kuhusu hiyo mimi humwambia, mteja hana makosa, anafuata sheria, mpe karatasi yake. Kisha fuatilia cheti chako cha zuio kwa iTax, tovuti ya kodi ya KRA, ni pesa yako hiyo.

Ikichelewa naandikia mhasibu kwanza, si boss. Salamu, nambari ya invoisi, tarehe tulikubaliana, swali moja, kuna kitu kinakosekana upande wangu? Mara nyingi kipo. Ikiwa hakipo na siku zinaenda, ndio napiga simu kwa yule wa mradi, na hapo nasema wazi, kipande kinachofuata nitakianza hiki kikiingia. Nasema bila makelele. Wale madeni yao yamelala miaka, na hapa kila mfanyabiashara anayeiuzia serikali ya kaunti anaelewa ninamaanisha nini, hao nimeacha kuwaendea hata kama mwenye anapiga simu ni rafiki.

Zile kazi ndogo ndogo za usiku, "nisaidie tu na hii kidogo", sikatai na sikubali hapo hapo. Najibu inawezekana, ni siku mbili, tuziongeze ama tutoe nini? Wengi wanasema wacha basi.

Kazi ikiisha watu wengi wanapotea, wanaibuka tena wakiona tangazo. Mimi nikimaliza naweka tarehe kwa kalenda miezi michache mbele, na siku hiyo nauliza kitu kimoja: ile ripoti imetumika wapi? Si kuomba kazi, nataka kujua kweli. Majibu mengine yanauma. Kuna mmoja, namheshimu kwa hilo, aliniambia mapendekezo hakuna mtu aliyasoma, bodi ilichukua jedwali moja la ukurasa wa kumi na nne, ile ya gharama kwa kila familia, wakaamua nayo kila kitu. Kurasa zingine zote, wiki zote hizo, jedwali moja. Nikamuuliza lilikuwa na nini. Akasema lilikuwa linaeleweka bila kuita mtu. Tangu hapo kabla ya kuanza kazi na mteja namuuliza bodi yako huwa inauliza swali gani kwanza, na jibu lake ndio naweka ukurasa wa kwanza, hayo mapendekezo yangu yanakuja nyuma na mwenye ana muda atayasoma.